Mwalimu Nyerere na Mipaka ya Kiswahili: Urithi Wenye Migongano

Inapozungumzwa historia ya Kiswahili nchini Tanzania, jina la Mwalimu Julius Kambarage Nyerere (1922–1999) hutajwa kwa sauti mbili ambazo ni nadra kukutanishwa katika ukumbi mmoja. Sauti ya kwanza ni ya shukrani. Husema kwamba bila yeye lugha hii isingalipata hadhi iliyo nayo, na kwamba taifa lenye makabila zaidi ya mia moja lisingalipata ulimi mmoja wa kusemea. Sauti ya pili ni ya lawama, nayo husikika zaidi katika semina za uzamili kuliko viwanjani: kwamba ni serikali yake huyo huyo iliyokizuia Kiswahili kuingia katika madarasa ya sekondari, wakati tume aliyoiteua mwenyewe ilikuwa imekwisha pendekeza kiingie. Tangu UNESCO ilipoitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, mnamo Novemba 2021, sauti ya kwanza imepata nguvu zaidi, kwani tarehe hiyo inakumbusha kuzaliwa kwa TANU mwaka 1954. Sauti ya pili haijapata siku yake.

Njia iliyozoeleka ya kupatanisha sauti hizi ni kumgawa mtu mmoja kuwa watu wawili. Yuko Nyerere wa mwaka 1967, mwanamapinduzi aliyeamini lugha ya umma. Na yuko Nyerere wa mwaka 1984, aliyechoshwa na vita vya Kagera, uhaba wa fedha za kigeni na ubishi na Shirika la Fedha la Kimataifa, ambaye alirudi nyuma. Mgawanyo huu una faida ya kumwokoa shujaa. Hasara yake ni kwamba hauafikiani na maandishi wala matendo yake. Yakichunguzwa kwa makini, yale ya 1984 yanaonekana kuwa matokeo ya 1967 kuliko kuwa usaliti wake. Nyerere alikikuza Kiswahili kikawa lugha ya kuwaunganisha watu na kuwaongoza. Kukifanya lugha ya kutafutia maarifa ya juu lilikuwa jambo jingine kabisa katika fikra zake, na mpaka baina ya mambo hayo mawili aliuchora mapema sana.

Kabla ya kuufikia mpaka huo, haki yake apewe. Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, alilihutubia Bunge kwa Kiswahili, jambo ambalo leo linaonekana dogo kwa sababu tu limekuwa mazoea. Januari 1967 Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa, aliagiza shughuli za serikali ziendeshwe kwa Kiswahili. Mwezi uliofuata likatangazwa Azimio la Arusha. Mwaka huo huo sheria ikaunda Baraza la Kiswahili la Taifa, na Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia madarasa yote ya shule za msingi za umma. Kampeni ya elimu ya watu wazima, iliyoshika kasi mwaka 1970, iliendeshwa kwa lugha hiyo. Mwaka 1967 watu wazima wengi hawakujua kusoma. Kufikia 1986 takwimu za serikali zilionyesha kwamba waliobaki gizani walikuwa takriban asilimia 10 tu. Hata mtu akizipunguza takwimu hizo kwa sababu ya shauku ya watendaji, kinachobaki bado ni kikubwa.

Tena haitoshi kutaja maagizo na taasisi. Mchango wa Nyerere ulikuwa pia wa kimsamiati, na hapa ndipo mwanaisimu anapopata malisho mema. Neno "ujamaa" lilichukuliwa kutoka katika undugu wa damu na kupewa mzigo wa itikadi nzima. "Kupe" alitoka katika ngozi ya ng'ombe akaingia katika hotuba. "Ndugu" likawa jina la heshima kwa waziri na kwa mkulima, kabla ya "mheshimiwa" kurudi kwa kishindo katika miaka ya 1990. Neno linalostaajabisha kuliko yote ni "kung'atuka". Alipoamua kuachia urais mwaka 1985, Nyerere hakutumia "kujiuzulu" wala "kustaafu". Alichota neno kutoka Kizanaki, lugha ya mama yake, akalipa taifa. Neno hilo sasa ni la Waswahili wote. Lakini Kizanaki chenyewe, kama zilivyo lugha nyingine za jamii za Tanzania, hakikuwa na nafasi shuleni wala redioni chini ya sera zake. Lugha hiyo ilipata kibali cha kuchangia neno la kuachia madaraka, na si zaidi ya hapo.

Ni vema pia ikumbukwe kwamba Kiswahili cha siasa hakikutungwa na mtu mmoja. Nyerere alifika Dar es Salaam akiwa mwalimu wa Pugu, mtu wa bara ambaye Kiswahili kwake kilikuwa lugha ya pili. Waliokuwa nacho mdomoni ni watu wa mji: wanachama wa vikundi vya ngoma, wazee wa Kariakoo na Gerezani, na wanawake waliokusanywa na Bibi Titi Mohamed kuanzia mwaka 1955 kwa mitandao ya lelemama. Ufasaha wa Bibi Titi katika mikutano ya hadhara ulikuwa mtaji wa TANU. Mwaka 1971 mwanamke huyo alihukumiwa kifungo cha maisha kwa kosa la uhaini. Mwaka 1972 Rais akamsamehe. Kwa miaka mingi baadaye historia rasmi ilimsahau, na wasomaji wa maandishi ya Nyerere wakazoea kudhani kwamba sauti ile ilizaliwa kifuani mwa mtu mmoja.

Tafsiri zake mbili za Shakespeare ndizo zinazolidhihirisha tatizo kwa uwazi zaidi. Ya kwanza ilitoka mwaka 1963 ikiitwa Julius Caezar. Iliposahihishwa na kutolewa upya mwaka 1969 jina lenyewe lilikuwa limesilimu, likawa Juliasi Kaizari. Ya pili, Mabepari wa Venisi, ilitoka mwaka huo huo wa 1969. Jina la Kiingereza lina mfanyabiashara mmoja. Jina la Nyerere lina wengi. Na neno "bepari", lenye asili ya Kihindi, ambalo zamani lilimaanisha mfanyabiashara bila ya dharau, lilikuwa limekwisha beba maana ya mnyonyaji katika miaka miwili iliyokuwa imepita tangu Azimio. Kwa neno moja mfasiri amelihamisha soko la Venisi na kulileta jirani na maduka yaliyotaifishwa. Huo si ufundi wa mtu anayeichukulia lugha kuwa chombo cha kuchezea.

Umuhimu wa tafsiri hizi, hata hivyo, hauko katika siasa yake tu. Zilikuwa jibu kwa wale waliodai kwamba Kiswahili ni lugha ya sokoni isiyoweza kubeba fikra nzito. Nyerere hakubishana nao. Alichukua matini ambayo wakoloni wenyewe waliihesabu kuwa kilele cha lugha yao, akaivusha kwa mistari isiyo na vina, yenye mizani ya kuigiza jukwaani, na akaeleza katika utangulizi wake kwamba lugha hii ni pana na utamu wake haujatumiwa vya kutosha. Mtu aliyethibitisha hivyo kwa mkono wake angetegemewa kuwa wa mwisho kudai kwamba fizikia ya Kidato cha Kwanza haiwezi kufundishwa kwa Kiswahili. Na kwa hakika hakudai hivyo. Hoja yake ya kukataa ilikuwa nyingine, na wengi wanaomlaumu huipita bila kuisoma.

Asili ya hoja hiyo imo katika Elimu ya Kujitegemea, waraka alioutoa Machi 1967. Haukuwa waraka wa lugha. Ulihusu shabaha ya shule katika nchi ya wakulima, na kiini chake ni kwamba elimu ya msingi lazima iwe kamili yenyewe, isiwe maandalizi ya sekondari, maadam watoto walio wengi hawatafika sekondari. Elimu ya sekondari, kwa upande wake, ingetolewa kwa wachache watakaohitajika kuwatumikia wengi. Kwa kadiri ya uwezo wa nchi ile wakati ule, fikra hii ilikuwa ya kweli na hata ya huruma. Lakini ukiiweka sambamba na uamuzi wa mwaka huo huo kuhusu Kiswahili katika shule za msingi, mchoro mzima unajitokeza: Kiswahili kwa elimu iliyo kamili ya wengi, Kiingereza kwa utumishi wa wachache. Mpaka wa lugha ulipita mahali pale pale ulipopita mpaka wa nafasi. Hakuna aliyetangaza kwamba Kiswahili kina ukomo. Ukomo ulikuja wenyewe, kwa kufuata ngazi za shule.

Ni kweli kwamba Mpango wa Pili wa Maendeleo (1969–1974) ulitaja nia ya kukipandisha Kiswahili hatua kwa hatua hadi sekondari, na kwamba somo la siasa lilianza kufundishwa kwa Kiswahili. Uteuzi wa somo lenyewe unasema mengi. Lililoonekana kufaa lugha ya taifa ni somo la kuwafunda raia; hisabati na sayansi zilisubiri. Zilisubiri hadi Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipotoa taarifa yake mwaka 1982 na kupendekeza kwamba Kiswahili kianze kutumika Kidato cha Kwanza Januari 1985, kikipanda mwaka hadi mwaka mpaka kifike Chuo Kikuu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 1983 ilikwisha julikana kwamba pendekezo hilo halitatekelezwa. Mwaka 1984 Nyerere mwenyewe alieleza sababu: Kiingereza, alisema, ni Kiswahili cha dunia, kukikataa ni upumbavu wala si uzalendo, na kikiachwa kuwa somo tu, kitakufa nchini.

Kauli hiyo hunukuliwa mara nyingi kwa ajili ya kuchekesha au kusikitisha. Inastahili zaidi ya hapo. Tazama jinsi anavyokisifu Kiingereza: anakiita kwa jina la Kiswahili. Katika fikra za Nyerere, "Kiswahili" ni jina la kazi, yaani kazi ya kuwaunganisha watu wenye ndimi mbalimbali. Ndani ya Tanzania kazi hiyo hufanywa na Kiswahili. Duniani hufanywa na Kiingereza. Na kila lugha itunzwe kwa kazi yake. Huu ni mtazamo wenye mantiki na ulioshikamana na siasa yake yote. Kilichokosekana ndani yake ni swali ambalo mwalimu yeyote wa darasani hulikuta asubuhi ya kwanza: mtoto ataelewa kwa lugha gani? Kuunganishwa na kuelewa si tendo moja. Waingereza wawili, Criper na Dodd, waliofanya uchunguzi katika shule za sekondari mwaka huo huo wa 1984, waliripoti kwamba wanafunzi wengi hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kujifunzia masomo yao. Kwa hiyo Kiingereza kilichokuwa kikiokolewa kisife hakikuwapo, na masomo yaliyotolewa sadaka kwa ajili yake hayakuwa yakisomwa. Ajabu ni kwamba pendekezo lililofuata lilikuwa kuongeza Kiingereza.

Watetezi wa Nyerere husema kwamba nchi haikuwa na fedha. Vitabu vya Kidato cha Kwanza hadi cha Sita kwa Kiswahili vingehitaji waandishi, karatasi na mitambo, na mwaka 1983 nchi ilikosa hata sabuni. Hoja hii ina uzito na haifai kubezwa na watu ambao hawakupanga foleni za wakati ule. Lakini ina udhaifu mmoja: haikuwa hoja yake. Nyerere hakuwaambia wananchi kwamba shabaha ni njema ila mfuko ni mtupu, kama alivyokuwa hodari wa kuwaambia kuhusu mambo mengine. Aliitetea hali iliyokuwapo kama ndiyo hali inayofaa. Kusimamisha safari kwa sababu ya mvua ni tofauti na kusema kwamba pale palipofikiwa ndipo nyumbani.

Mpaka huo huo unaonekana nje ya shule, katika sheria. Bunge lilijadili kwa Kiswahili, na wananchi waliosikiliza redio walifuata mabishano. Lakini sheria zilizopitishwa ziliandikwa kwa Kiingereza. Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ilipitishwa mwaka 1962, mwaka ule ule wa hotuba ya Kiswahili Bungeni, ikampa Rais uwezo wa kumfunga mtu bila ya kumfikisha mahakamani. Miaka thelathini baadaye Tume ya Nyalali iliiorodhesha miongoni mwa sheria 40 kandamizi zilizostahili kufutwa au kurekebishwa. Mwananchi alihutubiwa kwa lugha aliyoielewa na kufungwa kwa lugha asiyoielewa. Haidaiwi hapa kwamba jambo hilo lilipangwa kwa hila. Nchi nyingi zilizotawaliwa na Uingereza zilibaki na sheria za Kiingereza. Linalodaiwa ni kwamba halikuonekana kuwa na haraka. Mabadiliko yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama yalikuja mwaka 2021, miaka 36 baada ya yeye kung'atuka.

Fasihi ililihisi tatizo hili kabla ya wanasheria. Mwaka 1968 Nyerere aliwaita washairi na kuwaomba wakalieneze Azimio kwa tungo zao. Ngonjera za Mathias Mnyampala na UKUTA zikawa mashuhuri shuleni. Mwito ule uliwapa washairi heshima ambayo serikali nyingi za Afrika hazikuwapa, na papo hapo ukawapa kazi iliyokwisha amuliwa. Lugha ilipojaribu kujibu badala ya kuitikia, mambo yalikuwa mengine. Euphrase Kezilahabi alionyesha maumivu ya kuhamishiwa vijijini katika Gamba la Nyoka (1979), na riwaya hiyo ilichapishwa. Tamthilia yake Kaptula la Marx, inayomcheka mtawala aliyevaa itikadi isiyomtosha, iliandikwa mwishoni mwa miaka ya 1970 lakini ikachapishwa mwaka 1999. Kwa miaka ishirini ilipita mkononi mwa wanafunzi ikiwa karatasi tu. Ikumbukwe kwamba Novemba 1973 kuishi vijijini kulikuwa kumetangazwa kuwa amri, ingawa maandishi ya 1967 yalisisitiza hiari. Mwandishi aliyeuliza hiari ilikwenda wapi alikuwa akimuuliza Nyerere kwa maneno ya Nyerere.

Na hapa urithi wake unageuka tena, kwa namna isiyowafurahisha wanaomsifu wala wanaomlaumu. Maneno aliyoyasambaza hayakubaki mali yake. Neno "unyonyaji" lililofundishwa kwa ajili ya mabepari wa nje lilitumika baadaye kumpima mkuu wa wilaya. Yeye mwenyewe, akiwa nje ya madaraka, alifanya hivyo hivyo: Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania, kitabu chake kikali dhidi ya viongozi waliomrithi, alikiandika kwa Kiswahili na kukitoa mwaka 1993, na tafsiri ya Kiingereza ilifuata mwaka 1995. Vitabu vyake vikubwa vya wakati wa utawala, kuanzia kile cha 1966 kuhusu uhuru na umoja, vilikusanywa kwa Kiingereza kwa ajili ya dunia. Alipokuwa mtawala aliieleza dunia. Alipokuwa raia aliwaandikia raia. Miaka mitatu kabla ya kifo chake zilitoka tenzi zake za Injili, na hizo nazo zilikuwa za Kiswahili.

Yaliyotokea baada yake yamezidisha uzito wa swali. Mpaka uliochorwa mwaka 1967 ulikuwa kwa ajili ya sekondari ya wachache. Tangu mwaka 2004 serikali ilijenga sekondari karibu katika kila kata, na kuanzia Januari 2016 ada ilifutwa hadi Kidato cha Nne. Leo mtoto anayevuka mpaka ule si mteule aliyechujwa. Ni mtoto wa kawaida wa mkulima wa kawaida, aliyesoma sayansi kwa Kiswahili miaka yote ya shule ya msingi na kuambiwa aanze upya. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ilitamka kwamba Kiswahili kitatumika kufundishia katika ngazi zote. Toleo lake la 2023 limekirudisha Kiingereza mahali pake katika sekondari. Wanaotetea toleo hilo humnukuu Nyerere wa 1984. Wanaolipinga humnukuu Nyerere wa 1962. Wote wananukuu sahihi, na ndiyo maana mjadala hausogei.

Pengine wakati umefika kwa taaluma ya Kiswahili kuacha kumwita shahidi. Ushahidi mwingine upo. Tangu mwaka 1970 Idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imefundisha fonolojia, sintaksia na nadharia ya fasihi kwa Kiswahili, na istilahi zake zimezoeleka kiasi kwamba wanafunzi hawajui ziliwahi kubuniwa. Kamusi ya TUKI ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia ilitoka mwaka 1990, ikiwa tayari kwa darasa ambalo halikufunguliwa. Kazi hizo zilifanywa na watu waliolelewa na sera zake, katika taasisi ambazo serikali yake ilizilipia, na zilikwenda mbali kuliko alivyokusudia yeye.

Mwanafunzi ambaye, kwa mujibu wa Tume ya Makweta, angeanza Kidato cha Kwanza kwa Kiswahili Januari 1985, miezi kumi kabla ya Mwalimu kung'atuka, sasa amepita umri wa miaka hamsini. Watoto wake wamekwisha maliza sekondari, na baadhi ya wajukuu wa rika lake wanakaribia kuingia. Vitabu watakavyopewa vya fizikia ni vya Kiingereza.